Maji Yapite Chini ya Reli kwa Haki, Si kwa Hisani



Wakazi wa Nyeri wanajua tangu zamani kwamba aliyeshika mnyororo wa kupimia ardhi ameshika pia hatima ya mwenye ardhi. Hawakufundishwa jambo hili darasani. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, vipande vya mashamba viliunganishwa na kupimwa upya kwa mujibu wa Mpango wa Swynnerton wa 1954, na maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini huku mipaka ya mashamba yao ikiamuliwa na watu wengine. Wako waliorudi nyumbani wakakuta kalamu imekwisha kufanya kazi yake. Kwa hiyo tunaposema kwamba upimaji ni suala la haki, wala si la mafundi peke yao, hatudhani kuna mzee wa Mathira au Tetu atakayetudai ushahidi.

Leo tunataka kusema juu ya upimaji wa mahali padogo sana, ambapo magazeti hayapaandiki na wagombea hawapataji katika mikutano yao. Ni pale bomba la maji linapokutana na njia ya reli.

Itazameni ramani. Reli inayotoka Thika hupita Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, ikakoma Nanyuki. Ilijengwa vipande vipande: ilifika Thika mwaka 1913, na kufikia karibu mwaka 1930 ilikuwa imeingia Nanyuki. Mji wa Nyeri wenyewe haikuugusa. Stesheni ya Nyeri ni Kiganjo. Wajenzi wake walikuwa wakiyafuata mashamba ya walowezi, nao wakaifunga reli hiyo kama mshipi kiunoni mwa mlima. Kuanzia Kiganjo kwenda kaskazini, upande wa mashariki wa mshipi huo uko msitu wa Mlima Kenya, zinakotoka Thego, Naro Moru, Burguret, Likii na Nanyuki. Upande wa magharibi ziko nyanda za Kieni, ambazo mlima huohuo unazinyima mvua, na ambako mwanamke hupima utajiri wa boma kwa idadi ya mitungi iliyojaa.

Maji hushuka, hayapandi. Kijiji kilicho magharibi ya reli kikitaka maji ya mlima kwa nguvu ya mteremko, bila pampu na bila bili ya umeme, bomba lake halina budi kuvuka reli. Hakuna ujanja wa kulikwepa jambo hilo. Na hapo ndipo tunapokutana na kioja: mto wenyewe hupita chini ya daraja la reli usiku na mchana bila kuulizwa na mtu, lakini maji yaleyale yakitiwa ndani ya bomba la inchi nne yanageuka kuwa mpangaji, yanadaiwa kodi ya mwaka, na yanaweza kufukuzwa kwa notisi.

Tueleze sheria kwa lugha nyepesi, kwa kuwa wengi wetu tumekuwa tukitishwa kwa maneno mazito. Mtu anayetaka kupita katika ardhi isiyo yake ana njia mbili. Ya kwanza ni ruhusa. Ruhusa ni hisani ya mwenye ardhi. Huitoa leo, huifuta kesho, na akiuza au akibadili nia, aliyeruhusiwa hubaki na barua mkononi. Ya pili ni haki ya mapito, yaani haki iliyopimwa, ikachorwa, ikaandikwa katika rejista ya ardhi, ya kutumia ukanda maalumu wa ardhi ya mwingine kwa kazi maalumu bila kuumiliki. Haki hiyo haifi kwa kubadilika kwa meneja, wala kwa kubadilika kwa serikali. Huifuata ardhi popote iendapo.

Katika kazi yetu ya uwakili tumeletewa na vikundi vya maji barua kadhaa za ruhusa. Hatutavitaja vikundi hivyo, wala hatutamtaja aliyeziandika barua hizo. Zinafanana kama mapacha. Kikundi kinaruhusiwa kupitisha bomba. Kitalipa ada kila mwaka. Ada yaweza kupandishwa. Na siku kitakapotakiwa kulihamisha bomba, kitalihamisha kwa gharama yake chenyewe na bila fidia. Mkulima ameuza ndama wake kununua paipu, kanisa limefanya harambee Jumapili tatu, vijana wamechimba mtaro kilomita kadhaa kwa mikono, na uhai wa mradi wote unaning'inia kwenye karatasi moja yenye sahihi ya mtu ambaye hawamjui. Tunauliza: benki gani itamkopesha mtu wa namna hii? Nani atajenga tangi la saruji mwishoni mwa bomba ambalo laweza kukatwa katikati?

Twajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba ardhi ya reli ni ardhi ya kazi maalumu, kwamba bomba likipasuka chini ya tuta hula udongo na kuyaacha mataruma yakielea, na kwamba treni iliyopinduka haimuulizi mtu kama ni mwanamageuzi. Hoja hiyo ni ya kweli na tunaikubali bila kinyongo. Tena ndiyo sababu kubwa ya kudai upimaji. Ruhusa ya mdomo haimlindi dereva wa treni. Kinachomlinda ni ramani.

Hebu tueleze jinsi kazi hiyo inavyopaswa kufanywa, ili kamati ya maji isidanganywe na mtu aliyevaa kofia ya plastiki na kubeba futi. Mpimaji mwenye leseni huanza kwenye alama za kudumu za upimaji, siyo kwenye mti wala kwenye kona ya duka. Hutafuta mstari wa katikati ya reli na kuandika umbali wa kivuko kutoka alama ya kilomita iliyo karibu, ili fundi wa reli aliyeko Nairobi aweze kusema kwa uhakika bomba liko wapi. Huonyesha mahali bomba linapoingia katika mpaka wa ardhi ya reli na mahali linapotoka, kwani mpaka huo si kingo za kokoto kama wengi wanavyodhani. Uko mbali zaidi kila upande. Bomba livuke karibu na pembe mraba, kwa sababu kila digrii linapolala huongeza urefu wa ukanda, hatari, na ada. Likae mbali na madaraja, kalvati na mahali reli zinapogawanyika. Liwekwe ndani ya bomba la pili la chuma lililo pana zaidi, ili likipasuka maji yatokee nje ya tuta wala yasilile, na ili liweze kuvutwa na kubadilishwa bila kung'oa reli hata moja. Kila upande, nje ya mpaka, pawe na koki ya kufungia maji. Mwisho ziwekwe nguzo fupi za zege juu ya ardhi, zenye kuonyesha kwamba hapa chini kuna maji ya watu.

Kisha hayo yote yachorwe. Mchoro huo ndio roho ya haki yenyewe, maana msajili wa ardhi hawezi kusajili maneno matupu kama "karibu na stesheni".

Chukueni mfano wa hesabu tu. Tuseme ardhi ya reli mahali fulani ina upana wa mita 60, na ukanda unaohitajika kwa bomba na matengenezo yake ni mita 3. Eneo lote ni mita mraba 180, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya ishirini ya ekari. Tena ni chini ya ardhi. Juu yake nyasi huendelea kuota na treni huendelea kupita. Kwa kipande hicho kijiji kizima chaweza kukaa miezi na miezi kikingoja jibu.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wakuu hawapendi kuulizwa. Sheria ya zamani ya mapito, Sura ya 292, iliipa serikali uwezo wa kupitisha mabomba na mifereji ya maji machafu ndani ya ardhi yoyote ile, mradi isiguse jengo lililopo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, na mahali pake pakawekwa Sehemu ya Kumi ya Sheria ya Ardhi, yenye utaratibu wa ombi, notisi kwa wanaoitumia ardhi, na fidia. Lakini chini ya sheria ya zamani na chini ya mpya, mwananchi mdogo ndiye ambaye shamba lake hupasuliwa. Akilalamika anaambiwa maji ni ya wote, awe mzalendo. Bomba hilohilo likishuka kutoka shambani mwake na kufika kwenye ardhi ya shirika la serikali, uzalendo unakwisha ghafla na hesabu ya kodi inaanza. Kwa nini ekari mbili za mjane zipenyeke kwa urahisi kuliko ardhi ambayo serikali ilijitwalia kwa jina la umma?

Na ilitwaliwa kwa jina la umma kweli. Sheria ya India ya kutwaa ardhi, ya mwaka 1894, ililetwa katika nchi hii mwaka 1897 kwa ajili ya reli. Hakuna shilingi ya faida binafsi iliyonunua ardhi ya reli. Shirika la Reli la Kenya lilirithi mali hiyo baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, nalo linaishika kama mtu anavyoshika mali ya mayatima: aitunze, aitumie kwa kazi iliyokusudiwa, asiwauzie mayatima maji ya kisima cha baba yao.

Wala shirika hilo halikuwa kali nyakati zote. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi za mashirika ya umma, ya reli ikiwemo, zilivyogawiwa vigogo kinyume cha sheria. Fikirini basi. Mnyakuzi aliyetaka kiwanja cha reli apate kukiuza kesho yake alipewa hatimiliki. Mama wa Kieni aliyetaka kupitisha maji chini ya futi nne za udongo akapewa barua ya masharti.

Kwa miaka mingi, treni ilipokoma kupita, njia hii ilimezwa na nyasi. Miti ilimea kati ya reli, na watu wakajenga vibanda, wakalima, wakapitisha walichotaka kupitisha. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2017 uendeshaji wa reli ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwananchi wa kawaida asingeweza kujua ni mlango gani wa kubisha. Halafu mwaka 2020 njia kati ya Thika na Nanyuki ikafufuliwa kwa kazi ya wanajeshi, vijana wa huduma kwa taifa na mafundi wa reli, kwa gharama iliyotangazwa kuwa karibu shilingi bilioni 1.8, na mwezi Desemba mwaka huo treni ya abiria ikarudi Nanyuki. Tulifurahi, na hatuoni haya kusema tulifurahi. Karatina na Naro Moru zinahitaji reli.

Lakini kabla koleo la kwanza halijaingia kwenye tuta, je, ilipimwa na kuandikwa kila njia ya maji iliyokuwa chini yake? Iko wapi ramani hiyo? Ikiwa ipo, kwa nini haikubandikwa katika afisi za wadi na kwenye milango ya makanisa? Ikiwa haipo, basi treni inapita juu ya mabomba ambayo hakuna anayeyajua, na watu wanakunywa maji ya mabomba ambayo siku yoyote yaweza kuitwa mavamizi. Hali hiyo haimfai mwenye treni wala mwenye mtungi.

Hapa wakili anapaswa kutoa onyo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinayataja mabomba yaliyowekwa kwa mamlaka ya sheria iliyoandikwa miongoni mwa masilahi yanayoifunga ardhi hata yasipoandikwa katika rejista. Ni ngao nzuri. Kampuni ya maji ya mji iliyochimba kwa mamlaka ya sheria yaweza kujikinga nayo. Lakini kikundi kilichochimba kwa kauli ya mtu wa stesheni, au usiku wakati hakuna aliyekuwa akitazama, hakina mamlaka ya kuonyesha, na ngao hiyo haitakifunika. Kwa hiyo wale wanaowashauri wanakijiji, "Chimbeni tu, treni hata haiji," si rafiki zao. Treni ilikuja.

Liko pia suala la serikali mbili. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linaiweka huduma ya maji mikononi mwa kaunti, na reli mikononi mwa serikali ya kitaifa. Njia ya Thika hadi Nanyuki hupita katika kaunti za Kiambu, Murang'a, Kirinyaga, Nyeri na Laikipia, na katika kila moja kampuni za maji, kama zile za Mathira na Nanyuki, hazina budi kushughulika na mshipi uleule. Matokeo ni kwamba fedha za umma hutoka mfuko mmoja wa umma kwenda mfuko mwingine wa umma ili maji ya umma yapite katika ardhi ya umma, na katikati ya mifuko hiyo yuko mwananchi anayelipa kwa bili yake ya mwezi. Kifungu cha 189 kinaziamuru serikali hizi zishirikiane na kusaidiana. Hakiziamuru zitozane kodi ya nyumba.

Hatusemi Shirika la Reli lisilipwe chochote. Gharama ya mhandisi wake kukagua mchoro ilipwe, na gharama ya msimamizi wakati wa kuchimba ilipwe. Tunachokataa ni bei isiyojulikana na ngoja isiyo na mwisho. Mahali pengine jambo hili limekwisha tiwa kwenye sheria. Jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako reli ni mali ya makampuni binafsi yenye nguvu kuliko shirika letu, lilipitisha mwaka 2016 sheria inayoipa kampuni ya reli muda maalumu wa kujibu ombi la kivuko, na kuweka ada moja inayojulikana. Ikiwa tajiri wa reli wa Marekani aliweza kuwekewa saa na bei, mtumishi wa umma wa Kenya atashindwaje?

Ndugu zetu wa makanisani wanakikumbuka kisa cha Isaka katika bonde la Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa mahali pale wakadai maji ni yao. Wakachimba cha pili, ugomvi ukazuka tena. Hadi cha tatu ndipo wakaachwa kwa amani. Mahubiri mengi juu ya kisa hiki husifu uvumilivu wa Isaka, aliyekubali kuhama mara mbili. Sisi tungependa kuuliza habari za wale waliozoea kungoja mwenzao amalize kuchimba ndipo waseme maji ni yao. Na zaidi, Isaka alikuwa na nafasi ya kuhama. Kijiji cha Kieni hakina bonde la pili, na reli ni ndefu kuliko miguu yake. Kuna wanaotuambia, mwenye nguvu mpishe. Tumempisha tangu 1897.

Basi tunadai haya. Serikali ya kitaifa na kaunti tano ziagize upimaji mmoja wa vivuko vyote vya maji kutoka Thika hadi Nanyuki, vya kampuni na vya vikundi, vilivyo halali na visivyo halali, bila kumshitaki mtu kwa kujitokeza kuonyesha bomba lake. Kivuko kilicho salama kisajiliwe kama haki ya mapito, kwa jina la wale wanaokunywa maji yake. Kilicho hatari kirekebishwe kwa fedha za umma kabla ya kukatwa, na maji yasifungwe hata siku moja kabla njia mpya haijakuwa tayari. Ada iwe moja, ichapishwe. Muda wa kujibu uwe na mwisho, na ukimya baada ya muda huo uhesabiwe kuwa kibali.

Nanyi, wanakamati wa maji, wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi, msingoje tume nyingine. Kabla ya harambee ya paipu, itisheni kwanza fedha ya mpimaji. Paipu zaweza kungoja, mpaka haungoji. Ulizeni katika kikao cha bajeti cha kaunti ni vivuko vingapi vimesajiliwa na vingapi vinakaa kwa barua. Kisha andikeni kwa Shirika la Reli, kwa kutaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkiomba orodha ya vivuko vyote vya maji katika eneo lenu, michoro yake na ada zinazotozwa. Sheria inawapa siku 21 za kuwajibu. Wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua iwe na tarehe, ipigwe muhuri inapopokelewa, nakala moja ipelekwe kwa mpimaji wa kaunti, na nyingine ifungiwe katika kabati la kanisa pamoja na daftari la ubatizo.